Weiva, mkataba au bima: mratibu wa shughuli ajikinge na nini?

Siku hiyo nilikuwa na fomu 180 za weiva, zile za kusaini kwamba ukiumia hutamdai mwandaaji, zimechapwa vizuri, kalamu boksi zima, na dada wawili getini wenye kazi moja tu, hakuna kuingia bila kusaini. Ilikuwa siku ya michezo ya wafanyakazi wa ofisi fulani, kuvuta kamba, mbio za magunia, mambo ya hivyo. Kufika saa nne foleni ishakuwa ndefu, watu wananung'unika, bosi wao akaja akasema jamani waacheni waingie watasaini ndani, na ukishaingia ndani nani tena anakumbuka fomu. Zikarudi 140 na kitu, na kuna mmoja kasainia wenzake wa meza nzima kwa mwandiko uleule.

Mchana jamaa mmoja akaanguka. Wala hakuangukia kwenye kamba wala kwenye gunia, kajikwaa na waya wa spika uliokatiza njia ya kwenda chooni, ile gundi ya kuubana chini ilishabanduka tangu asubuhi na hakuna aliyejali. Mkono ukavunjika. Nakimbilia kwenye faili la fomu, hayumo. Na hata angekuwemo, fomu yangu ilisema "majeraha yatokanayo na michezo", sasa kwenda chooni ni mchezo gani?

Hospitali nikalipa mimi. Fundi wa sauti akasema waya aliupitisha pale kwa sababu umeme nilimwonyesha upande ule, na mkataba wetu, ambao ulikuwa meseji tatu za simu, haukuwa na neno hata moja la nani anabeba nini. Bima sikuwa nayo kabisa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kati ya weiva, mkataba na bima nianze na ipi, huwa namuuliza kwanza, unamwogopa nani? Maana kila moja inaziba mlango wake, na anayekuja kukudai hachagui mlango uliouziba.

Vitu vya kuangalia kabla hujachagua

Nina maswali matano na nitayauliza kwa kila moja, ingawa kuna pengine jibu ni refu na pengine ni neno moja. Inamfunga nani, yaani ikifika kesi ni nani hasa atakwama kukudai kwa sababu yake. Inasimama kiasi gani mbele ya hakimu. Hela inatoka mfukoni mwa nani. Usumbufu wake, wa kuiandaa na wa kuiendesha siku yenyewe. Na matundu yake yako wapi, maana zote zina matundu, ukiambiwa kuna moja haina muulize huyo anayekuambia anauza nini.

Halafu mjue mi si wakili. Sheria za mambo haya zinabadilika ukivuka mpaka tu, pengine hata ndani ya nchi moja jimbo hili linakubali jimbo la pili linakataa, kwa hiyo kesi nitakazozitaja ni za kukuonyesha mahali vitu hivi vinapovunjikia. Karatasi yako mwenyewe mpelekee wakili wa huko uliko.

Weiva

Hii ndo fomu ya kusaini kwamba najua kuna hatari, nakubali kuingia kwa hiari yangu, na nikiumia sitakudai. Watu wengi wanaianza kwa sababu ni rahisi, unaichota mtandaoni usiku, unabadilisha jina la shughuli, asubuhi unachapa. Na hapo ndo tatizo linapoanzia, kwa sababu ile uliyoichota iliandikwa kwa ajili ya sheria za mahali pengine na shughuli nyingine.

Inamfunga aliyesaini mwenyewe, basi. Aliyekuja kumsindikiza haimhusu, mpita njia aliyeangukiwa na bango haimhusu, fundi wako aliyepigwa na umeme haimhusu. Mtoto ni kesi ngumu zaidi, mzazi anaweza kukusainia kurasa kumi na bado isisaidie. Kule jimbo la Washington nchini Marekani mahakama ilishasema mwaka 1992 kwamba mzazi hawezi kusaini kuondoa haki ya mtoto kudai, na British Columbia huko Kanada ikaamuliwa hivyohivyo mwaka 2009. Kuna sehemu nyingine wanakubali, lakini kama shughuli yako ni ya watoto, kujenga ulinzi wako wote juu ya sahihi ya mzazi ni kujenga juu ya mchanga.

Mbele ya hakimu inategemea sana uko wapi. Uingereza sheria ya mwaka 1977 kuhusu masharti ya mikataba yasiyo ya haki inasema huwezi kujivua dhima, yaani wajibu wa kulipa, ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wako, uandike kwa wino wa dhahabu haisaidii, na sheria ya haki za walaji ya 2015 ikarudia hilo kwa wateja wa kawaida. New York kuna kifungu kinachofuta weiva za sehemu za burudani na michezo ambazo mtu amelipa kiingilio. Virginia mwaka 1992 kuna mshiriki wa mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia alipooza baada ya kugonga kichwa akiingia ziwani, alikuwa kasaini fomu, na mahakama ikasema fomu hiyo haina nguvu. Hata California ambako weiva za michezo kwa kawaida zinasimama, mwaka 2007 mahakama ya juu ilisema haziwezi kufunika uzembe uliokithiri, na kesi yenyewe ilihusu binti mwenye ulemavu aliyezama kwenye kambi ya watoto ilhali mama yake alikuwa ameshasaini.

Sasa mtu atasema basi ya nini. Hapana, subiri. Kuna sehemu nyingi inasimama vizuri kwa uzembe wa kawaida ikiandikwa ipasavyo, na hata pale isiposimama ina kazi ya pili ambayo watu hawaioni, ni ushahidi kwamba ulimwambia. Fomu inayosema njia ina mawe ya kuteleza, kuna mto wa kuvuka maji ya magotini, ukiwa na shida ya moyo usishiriki, hiyo inaonyesha mtu alijua anachoingia. Tena humo humo unapata namba ya ndugu wa kupigiwa na ugonjwa alionao, vitu ambavyo siku ya ajali vinakusaidia kuliko sheria yoyote.

Ikusaidie basi iandike hivi. Taja hatari zenyewe kwa majina, usiseme "ajali zozote". Kama unataka ifunike uzembe wako na sheria ya kwenu inaruhusu, neno uzembe liwepo waziwazi, lisijifiche aya ya kumi na moja kwa herufi za mchwa. Taja eneo lote la shughuli pamoja na njia, vyoo na maegesho, hilo nimeshalilipia ada. Watumie siku kadhaa kabla wasaini kwenye simu, mtu akisaini huku anasukumwa getini kesho atasema hakupewa nafasi ya kusoma na atakuwa anasema kweli. Kila mtu na sahihi yake. Halafu zitunze, usizichome mwezi ukiisha, muda wa mtu kufungua kesi ya majeraha unaweza kuwa miaka kadhaa na kwa mtoto mara nyingi saa inaanza kuhesabu akishakuwa mtu mzima.

Hela? Hakuna. Weiva haimlipi wakili wako wala haimlipi aliyeumia, na hata kesi ya kushinda inabidi uiendeshe.

Inamfaa anayeandaa kitu ambacho watu wanashiriki kwa miili yao: mbio, kupanda mlima, farasi, michezo ya ofisini. Kwenye harusi au uzinduzi wa bidhaa inakuwa kituko, hebu fikiria mama mkwe anapewa kalamu mlangoni asaini kwamba akianguka ni shauri yake.

Mkataba wenye vipengele vya fidia

Huu hauelekei kwa mgeni, unaelekea juu kwa mteja wako na chini kwa watoa huduma: wa jukwaa, wa maturubai, wa sauti, wa jenereta, wa chakula, ulinzi. Kiini chake ni kipengele kinachosema hasara ikisababishwa na wewe utaibeba wewe, na nikishtakiwa kwa kosa lako utanitetea na kunilipia. Pembeni yake kunakaa ndugu zake, kikomo cha dhima (kwa mfano mteja hawezi kukudai zaidi ya ada aliyokulipa), kipengele cha mambo yaliyo nje ya uwezo wa mtu, na sharti kwamba kila mtoa huduma aje na bima yake.

Aliyeumia haumfungi hata kidogo, yeye hakusaini, atakushtaki kama kawaida na kwa kawaida anawashtaki wote waliokuwepo. Ule moto wa ukumbi wa muziki wa The Station huko Rhode Island, Marekani, Februari 2003 uliua watu 100, na waliokuja kulipa hawakuwa wenye ukumbi na bendi tu, fidia zilizofika jumla ya dola milioni 176 hivi zilichangiwa na watu chungu nzima, wakiwemo watengenezaji wa sponji la ukutani lililoshika moto na kampuni ya redio iliyotangaza shoo. Mkataba unafanya kazi baada ya hapo, mnapogeukiana nyie kwa nyie kuulizana mzigo ni wa nani.

Mahakamani una nafasi nzuri kuliko weiva kwa sababu ni wafanyabiashara wawili wameketi wakakubaliana, ila majaji hawapendi kumsaidia mtu anayetaka mwenzake abebe uzembe wake yeye, wanataka maneno yawe wazi kabisa. Mfano ninaoupenda ni wa maonyesho ya jimbo la Indiana. Agosti 2011 upepo wa dhoruba uliangusha paa la jukwaa, watu saba wakafa. Kampuni iliyokodisha paa ikasema waandaaji ndo wabebe, kwa sababu nyuma ya ankara zetu kuna kipengele cha fidia. Kumbe karatasi ile ilisainiwa baada ya paa kuanguka! Mwaka 2016 mahakama ya juu ya jimbo ikasema hakuna mahali panapoonyesha wazi kwamba waandaaji walikubali kubeba hasara iliyokwishatokea. Kwa hiyo mambo mawili, saini kabla fundi hajashusha hata bomba moja, na kipengele muhimu hakikai nyuma ya ankara.

Kisa hichohicho kina funzo la pili ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Ripoti ya uchunguzi ilionyesha haikuwa wazi ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha shoo hali ya hewa ikichafuka. Sasa mkataba wako uandike hilo. Fulani ndiye mwenye neno la mwisho la kuahirisha, upepo ukifika kasi aliyoitaja mwenye jukwaa watu wanaondoka, na hakuna atakayedaiwa kwa kusimamisha kwa nia njema. Na uandike kazi moja moja: nani anabandika nyaya, anazikagua kila baada ya muda gani, nani anapiga vigingi vya lile jumba la upepo la watoto kurukia na nani analitoa upepo kukivuma. Vitu vidogo hivi ndo vinavunja watu mikono.

Hela inatoka kwa aliyekubali kubeba, na hapo ndo tundu kubwa lilipo, kipengele cha fidia kina thamani ya mfuko wa aliyekisaini. Mwenye spika mbili na pikapu akikuahidi atalipa hasara yote, ahadi nzuri, atalipa na nini? Ndo maana sharti la bima linaenda sambamba. Tundu la pili ni kwamba mteja mkubwa anakuja na mkataba wake wa kwao, na humo ni wewe unayebeba kila kitu hadi uzembe wa watu wake mwenyewe. Usiogope kurudisha, omba isomeke kila mtu abebe lake, mara nyingi wanakubali kwa sababu hata aliyeuleta hajausoma.

Usumbufu ni mkubwa mara ya kwanza, unalipa wakili akuandikie wa kwako mmoja wa mteja na mmoja wa watoa huduma, baada ya hapo unabadilisha majina na kiambatisho cha kazi tu. Unamfaa kila anayekodi watu wengine kufanya kazi, yaani karibu sote.

Bima

Hapa kwanza tuelewane tunazungumzia ipi, maana watu wanasema "nina bima" kumbe wana ya gari. Ya msingi kwa mratibu ni bima ya dhima kwa umma, inayolipa mtu wa nje akiumia au mali yake ikiharibika na wewe ukawajibika. Kukosea kitaaluma, mfano umemkatia mteja ukumbi tarehe siyo, hiyo ni bima nyingine. Wafanyakazi wako wakiumia, nyingine. Shughuli kufutwa, nyingine tena, na hata hiyo inalipa kwa sababu zilizoandikwa tu, waandaaji wa tenisi ya Wimbledon 2020 iliyofutwa kwa korona walilipwa kwa sababu bima yao ilitaja magonjwa ya mlipuko, wengi wengine wakasoma za kwao wakakuta hayamo.

Haimfungi mtu yeyote asikushtaki, ashtaki tu. Inachofanya ni kuleta hela na mara nyingi kuleta wakili, na kwangu huyo wakili ni nusu ya thamani yake, kwa sababu kuna kesi za kijinga ambazo utazishinda na bado gharama za kuzishinda zikakufilisi. Na tofauti na weiva, haihangaiki aliyeumia alisaini au hakusaini, alialikwa au alipita njia.

Matundu ni yale yaliyoachwa nje na yapo kurasa za nyuma ambako hakuna anayefika. Fataki, pombe, majumba ya upepo, majeraha ya washiriki wa michezo wenyewe, wanyama, haya mara nyingi yameondolewa mpaka uyaombe na kuyalipia zaidi. Soma hilo la washiriki mara mbili, unaweza kukatia bima mbio za watu mia tano ukakuta inawalinda watazamaji na siyo wakimbiaji. Kuna kile kiasi cha mwanzo unachobeba mwenyewe kila dai, kuna kikomo kwa tukio moja na kikomo kwa mwaka. Kuna kosa la kukusudia, hilo hakuna atakayekulipia. Na masharti ya baada ya ajali, utoe taarifa mapema na usikubali kosa wala kuahidi malipo bila wao kujua. Mimi nilivyolipa ile hospitali haraka haraka, ningekuwa na bima huenda ningekuwa nimeshaiharibu kwa huruma yangu.

Lingine wanalolisahau sana: mtoa huduma akikuletea cheti cha bima, hicho ni ushahidi kwamba yeye ana bima, hakikulindi wewe. Unachotaka ni jina lako liongezwe kwenye bima yake kama mlindwa wa ziada, na uone maandishi ya kampuni ya bima yenyewe. Angalia na tarehe, shughuli ni Jumamosi ila kujenga jukwaa ni Alhamisi na kubomoa ni Jumapili, bima ya siku moja inaacha siku mbili ambazo mabomba ndo yanaanguka.

Usumbufu wake ni mdogo kwako, unajaza fomu unalipa, ila ujaze ukweli mtupu. Ukisema wageni 200 wakaja 900, siku ya kudai ndo utaulizwa. Inamfaa anayeendesha shughuli za umma, zenye tiketi, zenye watu asiowajua. Kwa shughuli ndogo ya mara moja unaweza kukata ya tukio moja, ukifanya nyingi kwa mwaka ya mwaka mzima inatoka nafuu.

Na kusajili kampuni je?

Kampuni yenye dhima ya kikomo inatenganisha madeni ya biashara na nyumba yako, ni jambo zuri, sajili. Ila haizuii kampuni kushtakiwa, na sehemu nyingi wewe mwenyewe ukizembea kwa mkono wako, mfano waya uliupitisha wewe, unaweza kushtakiwa binafsi. Iweke chini ya hizo tatu, haichukui nafasi ya hata moja.

Sasa wewe uko wapi?

Unaandaa harusi na sherehe za familia, wageni wanajulikana: anza na mikataba ya watoa huduma, kisha uliza bima ya ukumbi inaishia wapi na inaanza yako wapi. Weiva achana nayo.

Mbio, matembezi ya milimani, michezo ya kampuni: hapa weiva ina kazi, itumwe mapema kwenye simu, na bima iseme waziwazi kwamba inafunika washiriki. Ukikosa hela ya vyote mwaka huu, punguza mchezo wenye hatari badala ya kupunguza bima.

Watoto: fomu ya mzazi itumie kwa ruhusa, mzio na namba za simu, ulinzi wako utafute kwenye bima na kwa mwenye vifaa aliyekuweka mlindwa wa ziada. Asiyeweza kuleta hilo, tafuta mwingine.

Tamasha la tiketi: bima kwanza, halafu mkataba wa jukwaa wenye jina la mtu wa kusimamisha shoo. Masharti ya nyuma ya tiketi weka tu, ila usiyategemee.

Ndo unaanza, mfuko mtupu, shughuli moja kwa mwezi: mlipe wakili mara moja akutengenezee mkataba mfupi, kata bima ya tukio kwa zile zenye watu wengi, na kazi za fataki na majumba ya upepo zikatae kwanza.

Unafanya kazi chini ya mteja mkubwa aliyekupa mkataba wake: kabla hujasaini mtumie mtu wako wa bima kile kipengele cha fidia, uulize hivi, haya nikiyakubali bado mnanilinda? Kuna ahadi ukizitoa kwenye mkataba bima inasema hiyo umejitwika mwenyewe, na ukimsamehe mtoa huduma kwa maandishi, kampuni ya bima ambayo ingelipa kisha imfuate yeye inakosa pa kushika na inaweza kukugeuzia kibao. Akujibu kwa barua pepe, siyo kwa simu.